Ndizi za Cô Mutheu

Mutheu,

Kesho Thao anafanya mtihani. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu ungekuwa hapa ungekuwa umeshaniuliza tena na tena: "Ameshika? Ameshika kweli, ama anatuambia tu?"

Ameshika.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yetu, juu ya duka la vitambaa la Auntie Hansa, hapa Ngara. Somo la mwisho limeisha sasa hivi na kompyuta bado ina joto. Nimekaa kwenye kiti chako, kile kilichoegemea dirisha. Nataka kukueleza nilivyofika kwenye kiti hiki, maana ulipoondoka nilikuwa bado upande wa pili wa meza, kule ambako kamera haifiki.

Unajua nilivyopapenda pale. Wewe ulikuwa uso na sauti, mimi nilikuwa maswali. Bi Hanh, mwenye kituo cha masomo kule Vietnam, alikuwa ametangaza nafasi ya mwalimu mmoja wa Kiingereza, na wewe ukamwambia bila aibu kwamba sisi ni wawili lakini tunakula kama mmoja. Akacheka, akatuchukua. Basi kila siku saa tisa alasiri, kwao taa zikiwa zimeshawashwa na wanafunzi wamekula chakula cha jioni, uliwasha kamera ukawasalimia vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Mimi nilikaa mbele yako nikikutumia mazoezi niliyokesha nayo kichwani: sentensi yenye pengo, majibu manne, sahihi moja. Walichokiona cha kwangu ni mkono tu, ukiingia kwenye picha kukuwekea kikombe cha chai na kutoka. Ndipo wakanipa jina. Wewe walikuita Cô Mutheu, kwa neno lao la mwalimu wa kike, ambalo pia ni shangazi. Mimi nikawa Cô Mkono.

Nakumbuka siku ya neno "reluctant", mtu anayesitasita kufanya jambo. Nilikuwa nimekuandikia maelezo safi, na mifano, na jinsi linavyotumika. Ukayasukuma kando. Ukasimama ukawaigizia mtu wa Kinoo mwezi wa saba, asubuhi, stima imepotea, yuko mbele ya beseni la maji baridi. Ukachovya kidole. Ukarudi nyuma. Ukainua macho ukaomba dua. Ukavua soksi moja, ukaivaa tena. Khoi, yule mtundu wa darasa, alicheka akaanguka kutoka kitini, tukabaki kuona ukuta wa chumba chake. Hakuna hata mmoja aliyelikosea neno lile tena. Mimi nilikuona ukifanya hivyo na nikajiambia, hii haifundishiki.

Na ile desturi yako ya kuua. Hukutaka mtu akimbilie jibu sahihi. Uliwaambia jibu sahihi halina haraka, linangoja. Kwanza ua matatu yasiyofaa, na kila moja utaje kosa lililoliua. "Nani anakufa?" uliuliza. Wakapiga kelele: "B!" Ukauliza, "Kwa kosa gani?" Wakalisoma kosa lake kama mahakamani. Auntie Hansa alikuwa akipiga kelele kutoka chini: "Nyinyi wasichana munafundisha nini huko juu? Wateja yangu naogopa!"

Ile siku ya ndizi nayo ilikuwa mwaka jana, juma la mtihani. Hukuwa umekula mchana. Ukatoa ndizi kwenye mkoba, ukaimenya mbele ya kamera huku ukieleza swali. Darasa zima likapiga ukelele. "Cô! Hapana, Cô!" Wengine walifunika macho. Wewe ukabaki na mdomo umejaa, hujui umekosa nini, mpaka Khoi, ambaye zamu yake ya mtihani ilikuwa bado mwaka mmoja, akakueleza kwamba kwao mtahiniwa hali ndizi na haioni ndizi, kwa sababu ganda la ndizi linateleza, na anayeteleza ameanguka mtihani. Ulicheka ukaomba msamaha, ukaitupa ndizi nzima kwenye ndoo ili waone.

Halafu Thao akaanguka.

Hukuwahi kuniambia umeumia. Uliniambia tu, tukiwa tunashuka ngazi hizi kwenda kununua mboga, "Mimi baba yangu ni mzee wa kanisa, siamini hayo mambo hata kidogo. Lakini ndizi sitakula mpaka huyo mtoto apite." Nilidhani ni mzaha. Kisha nikakuona ukipita kwa yule mama wa matunda hapo nje, mwenye zile ndizi ndogo tamu ulizozipenda kuliko mkate, na ukageuza uso. Thao alirudi darasani kurudia mwaka, kimya, akikaa pembeni mwa skrini yake kama mtu aliyekuja kuazima kitu. Ulimfuatilia kuliko wote. Ulikuwa unaniambia, "Huyu Kiingereza chake si kibaya, huyu anaogopa. Mwandikie maswali ya kumpa pumzi."

Basi mwezi wa nne, mvua ikinyesha, ulienda kumwona shangazi yako mtaa wa Jamhuri na pumu ikakupata huko. Sitaandika kuhusu siku ile. Nilifika hospitalini nikiwa nimeshika koti lako uliloliacha nyumbani, na dawa yako ya kuvuta ilikuwa mfukoni mwa koti hilo, na hilo nalibeba, lakini leo si siku yake.

Tulikuzika kwenu Makueni. Watu walikuwa wengi. Mama yako alinishika mkono wakati wote, mkono huuhuu wa chai, akaniambia, "Ndinda, usiache hiyo kazi yenu. Alikuwa anaisema sana." Nikamwahidi pale kaburini, bila kujua ninaahidi nini.

Nilipompigia Bi Hanh kumwambia, alilia. Nakwambia ili usimfikirie vibaya kwa yanayofuata. Alilia kwanza, halafu akasema wanafunzi wasiambiwe. "Mtihani uko karibu," akasema. "Huku kwetu mzazi hamruhusu mtahiniwa hata kupita karibu na msiba. Sema amesafiri. Baada ya mtihani nitawaambia mwenyewe." Na darasa nilichukue mimi, maana mazoezi ni yangu na hakuna mwalimu mwingine angeyajua.

Siku ya kwanza nilikaa hapa nikatazama ile taa ndogo ya kamera kama unavyotazama mbwa usiyemjua. Nikaiwasha. Nyuso zikatokea. Khoi akainama karibu na skrini yake akasema, "Kumbe mkono una uso!" Wakacheka. Wakauliza Cô Mutheu yuko wapi. Nikasema leo nafundisha mimi, nikaenda moja kwa moja kwenye swali la kwanza. Sikusema umesafiri. Neno lilifika mdomoni likakataa kutoka.

Nilifundisha hivyo kwa majuma kadhaa. Nilifundisha vibaya, Mutheu. Nilieleza kila kanuni kwa ukamilifu na hakuna aliyecheka. Na sikuweza kusema "ua". Nilisema "tuondoe". Tuondoe jibu la kwanza, tuondoe la pili. Siku moja Khoi akaniuliza, "Cô, mbona hatuui tena? Cô Mutheu alikuwa anaua kila siku." Nikatazama karatasi yangu nikasema tuendelee.

Nyumbani kwetu Kinoo mambo yalikuwa vilevile. Viatu vyako vya mpira bado viko mlangoni, kwa sababu kila nikivishika naviweka tena. Mama mboga wa kona aliniuliza, "Yule mwenzako wa kucheka yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia papo hapo, na nyanya zake mkononi, kwamba ulikufa. Akaketi kwenye kreti. Nilishangaa nilivyoweza kumwambia yeye kwa neno moja, na darasani ninazunguka.

Thao ndiye aliyevunjika. Kwanza aliacha kuleta mazoezi. Halafu akawa anazima kamera. Halafu nikapokea ujumbe wake, kwa Kiingereza chake cha uangalifu, bila kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba alikuwa ameuhakiki kabla ya kuutuma. Aliandika: "Cô Mkono, tafadhali uniambie ukweli. Je, Cô Mutheu ameenda kufundisha watu ambao hawaanguki? Kama ni hivyo naelewa. Nafikiri nitaacha darasa nisiwachoshe."

Nilisoma ule ujumbe nikiwa hapa. Nikashuka chini kwa sababu nilihitaji kuwa karibu na mtu. Auntie Hansa alikuwa anapima kitambaa cha pazia. Akaniangalia.

"Wewe, mbona sura hiyo?"

Nikamweleza. Yote, hata agizo la Bi Hanh. Akaendelea kukunja kitambaa, polepole, mpaka nikadhani hajasikia. Ndipo akasema, "Baba ya Nilesh alikufa Nilesh akiwa bweni, anafanya mtihani ya Form Four. Watu yote ilisema tumfiche. Mimi nikasema sawa. Akamaliza, akapita vizuri sana. Akarudi nyumbani na furaha, akauliza Papa wapi." Akaweka mkasi chini. "Sasa yeye ni daktari, Toronto. Kila Jumapili anapiga simu. Na kila Jumapili mimi nasikia kwa sauti yake: Mama, wewe ulijua na mimi sikujua."

Akanisukumia kikombe. "Kunywa. Halafu panda juu, fanya kazi yako."

Unajua sisi pia tunafanya hivyo. Hata kwetu Ukambani, mtoto akiwa kwenye mtihani msiba unatembea kwa vidole nyuma ya mlango. Nilikuwa nimemhukumu Bi Hanh kama mtu wa mbali mwenye mambo ya mbali, na kumbe ni shangazi zangu wote kwa pamoja. Lakini mtoto wa Auntie Hansa hakujua chochote, ndiyo maana aliweza kuandika mtihani wake. Thao alijua kuna kitu. Alikuwa amekijaza mwenyewe, na alichokijaza kilikuwa kibaya kuliko kifo: kwamba ulimchoka.

Nikampigia Bi Hanh kabla ya somo. Sikutaka kumvizia. Nikamwambia leo nitawaambia. Akasema wazazi watawatoa watoto. Nikasema wakiwatoa, wawatoe wakijua. Akasema, "Basi baada ya mtihani nitatafuta mwalimu mwingine, Ndinda. Nisamehe." Nikasema sawa.

Nikawasha kamera. Nikamwomba Thao awashe yake. Nikawaambia kwa sentensi fupi, za aina ninayoijua, kama ninazoandika kwenye mazoezi. Cô Mutheu alikufa mwezi wa nne. Alikuwa na pumu. Hakusafiri, na hakuwaacha. Aliishi nami, na alikuwa rafiki yangu. Kisha nikamtazama Thao nikamweleza kuhusu ndizi. Nikamwambia tangu alipoanguka hukuweka ndizi mdomoni, wewe binti wa mzee wa kanisa usiyeamini mambo hayo, na kwamba ulisema hutakula mpaka apite. Nikamwambia mtu aliyekuchoka hafungi kwa ajili yako.

Khoi alizima kamera yake. Akaiwasha tena akiwa na macho mekundu, akakaa wima kama askari. Thao aliinamisha kichwa na nywele zikamfunika, sikuuona uso wake tena mpaka mwisho. Sikuwapa zoezi siku hiyo. Tulikaa tu, wao gizani kwao na mimi mchana wangu, na chini nikasikia mkasi wa Auntie Hansa ukikata kitambaa.

Kesho yake viti viwili vilikuwa vitupu. Wazazi walikuwa wamewatoa, kama Bi Hanh alivyosema. Cha tatu kilichokosa uso kilikuwa cha Thao. Nilifundisha nikikitazama kile kisanduku cheusi chenye jina lake. Nikawaza, nimemvunja. Nimemchukua mtoto aliyekuwa anaogopa nikamwekea kaburi mezani.

Siku iliyofuata akatokea. Hakuwa chumbani kwake. Alikuwa amebeba simu akitembea nyumbani kwao, picha inayumba, akasema, "Cô, subiri, nataka kukuonyesha." Akasimama mbele ya rafu iliyo juu ukutani, penye picha ya bibi yake, vikombe vidogo, na udi unaofuka moshi. Ni pale wanapowakumbuka wafu wao na kuwawekea matunda. Na katikati ya rafu ile, Mutheu, palikuwa na kichane cha ndizi.

"Mama alikataa," Thao akasema. "Alisema mtahiniwa gani analeta ndizi ndani ya nyumba? Nikamwambia hizi si zangu, ni za Cô Mutheu. Yeye hana mtihani tena. Anaweza kula."

Akasema mwaka jana hakuangushwa na ndizi. Aliangushwa na haraka. Aliona jibu lililofanana na sahihi akalikimbilia bila kuua mengine, kwa hofu ya saa. Alikuwa analijua hilo siku zote na aliona aibu kukwambia, kwa sababu wewe ndiye uliyemkataza kukimbilia jibu. Kisha akaketi, akafungua daftari lake la mazoezi, akanitazama moja kwa moja.

"Jibu si mtu, Cô. Tuue."

Nikauliza, kwa sauti ambayo haikuwa yako wala yangu ya zamani, "Nani anakufa?"

"C!" wakapiga kelele wote. Auntie Hansa akagonga dari kwa fimbo ya kupimia. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile.

Nilimpigia mama yako kumweleza. Niliogopa kidogo, kwa ajili ya baba yako na ule udi. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, akasema, "Mwambie huyo mtoto Mutheu hapendi hizo kubwa. Anapenda ndogo, za sukari." Nikamwambia Thao. Akaenda sokoni kwao akatafuta ndogo. Zikiiva anawapa majirani wasio na mtahiniwa, ananunua nyingine. Yeye mwenyewe akizibeba huzishika kwa mfuko na kuangalia pembeni. Ungecheka sana. Ungeigiza anavyotembea.

Sijawa wewe kwenye kiti hiki. Nilijaribu kuigiza mtu wa maji baridi wakaniuliza kama naumwa. Lakini nimegundua ninaweza kumsikiliza mtu anapofikiri, na kungoja bila kumsaidia haraka, na kwamba Thao akingojewa hufika. Hilo ni langu. Khoi anasema ninaua polepole kuliko wewe lakini hawafufuki.

Leo tumefanya swali moja tu. Nilimpa Thao. Alisoma mara mbili, akaua matatu, kila moja na kosa lake, akalitazama lililobaki akasema, "Huyu yuko hai," bila kuniangalia kama nimekubali. Hakuniangalia, Mutheu. Ndipo nikajua ameshika.

Atakapofungua karatasi kesho, huku itakuwa hakujakucha. Nimeamua kulala. Nimeshafanya sehemu yangu, na wewe uliifanya yako mapema.

Bi Hanh hajabadilisha neno lake, nami sijamwomba. Lakini Khoi ana dada anayefanya mtihani mwakani, na dada ana marafiki, na jana mama yake Khoi mwenyewe aliniandikia kuuliza kama nitawafundisha. Nikasema ndiyo. Nimeongea na Auntie Hansa kuhusu chumba. Akasema, "Chumba iko. Lakini munaua taratibu."

Sasa nikuache upumzike. Niseme ninaloliahidi, safari hii nikijua ninaahidi nini. Mimi pia nimeacha ndizi tangu siku ile Thao alipoziweka kwenye rafu. Majibu yakitoka na akiwa amepita, nitapanda gari nije Makueni na kichane cha zile ndogo kutoka kwa mama wa matunda hapo nje, nikae kando yako, nile yangu na nikumenyee yako. Akiwa ameanguka, sitakuja bado. Siku inayofuata, saa tisa alasiri, nitakuwa kwenye kiti hiki, nitamwomba awashe kamera, nitamuuliza nani anakufa, na ndizi zitangoja mwaka mwingine.

Lala, rafiki yangu. Chai yako nimeiweka upande wa kushoto, pale mkono ulipozoea.

Ndinda